Mkuu USIPAKIE hao sato! "Scaled" maana yake magamba yametoka

Mkuu, simamisha kila kitu. Umeandika kwamba mteja wako wa Dubai anataka sato "gutted and scaled", ukaiweka kwenye tafsiri ya simu ikakuletea "waliotumbuliwa na wenye magamba", na Alhamisi unapakia. Umeuliza na mambo ya kibali, ndege, malipo ya awali na kama bei uliyompa inakulipa. Hayo yasubiri. Huyo mteja anataka samaki aliyeparwa, asiye na gamba hata moja. Ukimpelekea na magamba yake hatapokea, na hasara yote itabaki Mwanza kwako.

Mimi oda ya namna hiyo ilikula mtaji wangu wote, kwa neno hilohilo. Yangu ilikuwa ya hoteli moja Kigali. Barua pepe ilikuja kwa Kiingereza, na kwa kuwa ilikuwa pesa nyingi sikutaka kubahatisha. Nikaipeleka kwa kijana mmoja wa steshenari mjini mwenye bango la kutafsiri nyaraka. Akafungua kamusi, akachukua maana ya kwanza aliyoiona, akanichapia ukurasa safi wenye muhuri: "samaki waliotolewa utumbo, wenye magamba". Nikalipa na kushukuru.

Hasira yangu kwa yule kijana haijaisha mpaka leo, na siombi radhi. Hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza ni samaki gani, wanaenda kwa nani, wanapikwaje. Mtu anayepokea hela ya kutafsiri karatasi ya biashara bila kuijua biashara anauza bahati nasibu yenye muhuri. Nilipomrudia alinijibu kwamba kamusi ndivyo inavyosema, akaendelea kutoa fotokopi.

Na pale Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki Mwanza, nako niliongopewa. Niliwauliza wazoefu mbona hoteli inataka magamba, wakaniambia kwa kujiamini kabisa kwamba wateja wa nje wanapenda hivyo ili waone samaki ni mbichi, maana gamba likikaza na kung'aa ni dalili ya samaki wa leo. Hoja iliniingia, kwa sababu sokoni kwetu ni kweli: mama anayejua kununua anaangalia jicho, anafunua shavu, anapitisha kidole kwenye gamba. Lakini jikoni kwa hoteli siyo sokoni. Waliponiambia vile hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupeleka mzigo hotelini.

Basi nikachukua sato kwa mali kauli kutoka Igombe, wengine nikanunua taslimu, tukatumbua, tukaosha, tukapanga kwenye madeli kwa barafu, gari likavuka kwa kivuko cha Busisi (daraja lilikuwa bado) na kwenda kutokea mpakani Rusumo. Mzigo ulifika ukiwa mzuri kabisa, barafu haijayeyuka. Mtunza stoo akafungua deli la kwanza, akapitisha kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, akasimama. Akafungua la pili. Akamwita bosi wake. Bosi akanifungulia barua pepe yangu mwenyewe na kunyooshea kidole lile neno.

Nikasema tutawapara hapohapo. Nani kakwambia? Sato aliyelala kwenye barafu na ngozi imeanza kukauka haparwi kama yule aliyetoka mtumbwini asubuhi. Gamba linashika, ukilazimisha kisu ngozi inachanika, na hoteli inayokaanga samaki mzima na kumweka mezani kwenye sahani haitaki samaki mwenye vidonda. Walikataa wote. Nikawauza sokoni kwa bei ya kuondoa tu, nikiwa na dereva anayedai posho, mwenye gari anayedai, na watu wa Igombe wananisubiri na deni lao. Mteja hakuagiza tena, na sikumlaumu, kwa sababu yeye aliandika sawasawa.

Kuna hasara nyingine ndani ya hiyo ambayo sikuiona mapema, na wewe naona huijui bado. Bei niliyompa niliipiga kwa kilo ya samaki mwenye magamba. Hata kama wangepokea walioparwa ningepigwa, kwa sababu utumbo na magamba ni uzito niliolipia Mwaloni lakini mteja halipii. Kwa hiyo swali lako la bei jibu lake ni hili: pima sato wachache kabla, watumbue, wapare, wapime tena, ndipo upige hesabu ya kilo anayoipokea yeye. Bei uliyotuwekea hapa inaonekana umeipiga kwa samaki mzima kama nilivyofanya mimi.

Sasa kwa nini neno moja linatuangusha hivi? Baada ya ile safari nililichimba, kwa sababu nilitaka kujua nilipigwa na nini. Kumbe "scale" la Waingereza ni maneno matatu ya koo tofauti yaliyoishia kufanana sura. Na mteja wako, ukisoma vizuri hiyo barua uliyoibandika, ameyatumia yote matatu!

La magamba lilitoka Kifaransa cha zamani, "escale", yaani ganda, na lilifika Uingereza na lugha ya Wanormani waliowateka Waingereza mwaka 1066. Humo ndimo mna gamba la samaki na la nyoka, ule ukoko mweupe ndani ya birika, hata ugaga ambao daktari wa meno anaukwangua. Kazi yake hiyo nayo wanaiita "scaling". Yale yaliyoanguka machoni pa Sauli kule Dameski, Matendo 9:18, Biblia yetu inasema vitu kama magamba na ya Kiingereza inatumia "scales" hilohilo.

La mizani lilikuja na watu wa Skandinavia walioivamia Uingereza kwa majahazi kisha wakalowea. Kwao "skál" ni bakuli. Mizani ya zamani ilikuwa na mabakuli mawili yanayoning'inia, ndiyo maana Waingereza hupenda kuiita mizani moja kwa wingi, "scales". Wadenmaki na Wanorwei mpaka leo wakiinua vikombe kutakiana afya husema "skål". Pale mteja wako alipoandika "weighed on a certified scale" anataka mizani iliyohakikiwa, yenye stika ya Wakala wa Vipimo, siyo ile ya kuning'iniza ambayo kila mtu mwaloni ana maneno nayo. Ukifuata asili mbali zaidi, hili la bakuli na lile la ganda ni ndugu wa mbali, wametoka kwenye mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kupasua na kutenganisha.

La tatu halina undugu nao. Ni "scala" ya Kilatini, ngazi ya kupandia. Ndimo zilimotoka daraja zote za kupimia: vipimo vya joto vya Celsius wa Sweden (1742), vya matetemeko vya Richter wa Marekani (1935), skeli ya ramani ile ya 1:50,000 tuliyohangaika nayo sekondari, na ngazi za mshahara za watumishi. Kukwea mlima nako wanasema "scale". Alivyoandika "we plan to scale up" anakwambia oda itaongezeka mbele ya safari, wala hapandi popote. Nimeona tafsiri yako inasema "tunapanga kupanda juu", nikajua simu yako na yule kijana wangu wamesoma shule moja.

Halafu kuna kitu kilinishangaza sana. Kiswahili kina neno lenye tabia ileile. Kupaa ni kwenda juu, na kupaa samaki ni kumtoa magamba, sawa na kupara. Waingereza wanapaa mlima na kupaa samaki kwa neno moja, sisi tunapaa angani na kupaa samaki kwa neno moja, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Kwa hiyo ile kazi wanayoifanya akina mama pale Mwaloni na visu vyao tangu alfajiri ndiyo tafsiri niliyokuwa naitafuta steshenari. Ningemuuliza mmoja wao "hotelini wanapeleka sato wa namna gani?" angenijibu bila kunyanyua macho.

Ugumu unazidi kwa sababu Kiingereza chenyewe kinaruhusu "scaled" kuwa mwenye magamba na pia aliyetolewa magamba. Mjusi kwenye kitabu cha wanyama ni "scaled" maana anayo. Samaki kwenye oda ni "scaled" maana hana tena. Kamusi haikudanganya, inaandika zote mbili, ila haikujui wewe unauza nini. Angalia neno lililokaa jirani: "gutted" ni aliyetolewa utumbo, na "scaled" imepangwa kwenye foleni hiyohiyo ya vitu vilivyotolewa. Ukikuta herufi WGGS (whole, gilled, gutted, scaled) kwenye oda ya sato, ni samaki mzima ambaye mashavu, utumbo na magamba vimetoka. Kwenye biashara hii kiungo kikitajwa hivyo, kimeshaondoka. Wakitaka kibaki wanaandika "on" baada ya jina lake, "scale on", "skin on". Ni kama karanga, wanaposema "shelled" wanataka zilizobanguliwa.

Kwa hiyo sheria yangu, na hii naishika kwa kila mteja hata awe tumezoeana: siagizi barafu mpaka mteja athibitishe kwa picha. Nachukua sato mmoja, namtumbua, nampara, nampiga picha mbavu na tumbo, namtumia, namwandikia kwa maneno ya kitoto kabisa "no scales, no guts, head on, like this photo, yes?" na nasubiri "yes" yake. Nikishaipata naihifadhi. Kuna mteja aliwahi kuniona msumbufu, akajibu kwa ukali, lakini kwenye jibu lake la ukali alisema mashavu nayo yatoke, jambo ambalo oda yake haikulitaja kabisa. Picha ile iliokoa mzigo mzima.

Usikubali mtu humu akwambie "mimi najua Kiingereza, maana yake ni hii" halafu ukaishia hapo. Hata mimi usiniamini peke yangu. Piga picha.

Cheti cha afya ya samaki utaanzia ofisi ya uvuvi, na maabara ya ubora iko Nyegezi, uende mapema. Lakini leo hii kabla jua halijazama tafuta sato mmoja mwenye mwili, mtumie mteja picha, muulize na mashavu. Akithibitisha, nenda Mwaloni uongee bei na wanaopara kabla mitumbwi haijaingia, kwa sababu mzigo ukishafika na wewe huna watu, watakupangia bei wanayotaka. Wapare kwanza, barafu baadaye. Akijibu, weka hapa alichosema, tukisome pamoja kabla hujamlipa mtu wa gari.