Goti limekufa, filimbi ipo

Juzi dogo mmoja kanitumia meseji: "Kocha, goti limekufa, mieleka basi tena, nifanyeje?" Dah. Na mimi nilishakaa hapo hapo. Mwaka ule nilijinyima mpaka chumvi ili kilo zishuke, begi limefungwa, asubuhi ya safari naambiwa jina lako halipo, na waliyemweka nilishamwangusha mara tatu mazoezini. Mpaka leo inaniuma, siwadanganyi. Nikasusa mwaka mzima, nikanenepa.

Kilichoniinua ni habari za Satpal Singh, yule Mhindi wa Bawana, Delhi. Pande la mtu, kalelewa kwenye akhara ya Guru Hanuman, ndo wanavyoita shimo lao la udongo la kupigania, na huyo Guru, kocha wake, hakuoa, ndoa yake ilikuwa mieleka. Satpal akachukua shaba ya Michezo ya Asia 1974, fedha 1978, dhahabu 1982 nyumbani kwao Delhi, kilo 100. Medali ya Olimpiki? Hakuipata kamwe.

Sasa angekuwa mimi angesusa. Yeye akaenda kufundisha vitoto pale Chhatrasal Stadium, hapo hapo Delhi, na sio kwa msimu mmoja jamani. Sushil Kumar alifika pale ana miaka 14, akaja kuchukua shaba Beijing 2008, wakati India haikuwa na medali ya mieleka ya Olimpiki tangu 1952! 2012 London akaongeza fedha, na Yogeshwar Dutt shaba. Halafu kuna Ravi Dahiya, baba yake mkulima alikuwa anatoka kijijini Nahri na maziwa na siagi kumpelekea mtoto pale kambini, dogo akaja kupata fedha Tokyo. Mimi hapo kwenye maziwa ndo huwa nalia.

Kwa hiyo ushauri wangu, anza na watoto. Usisubiri chama kikupe cheo, anza na watoto, hata wanne. Na usiwafundishe kwa hasira ya medali yako, mimi nilifanya hivyo, wakanikimbia wote wakabaki wawili, na haki yao.

Mmoja wa wale wawili kashinda wiki iliyopita. Mama yake huwa anamletea uji kwenye chupa.

Dogo, Jumamosi saa moja asubuhi tupo. Njoo na hilo goti lako, kiti kipo, filimbi utashika wewe.