Maswali na majibu: Sauti nyembamba, sauti nene

Tangu niandike kwamba mtoto wa chekechea anaweza kujifunza mahadhi kabla hajajua kusoma, simu yangu haijapumzika. Wameniandikia wazazi, walimu wa chekechea, walimu wa shule ya Jumapili, na bibi mmoja wa Marangu ambaye swali lake nimeliweka la mwisho. Nimechagua machache.

Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka minne. Nikimwambia "imba kwa sauti ya juu" anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia. Nakosea wapi? (Mama, Pasua)

Marahaba mama. Binti yako amekutii kabisa. Katika Kiswahili chetu cha kila siku sauti ya juu ni kelele. Tunasema "mbona unaongea kwa sauti ya juu, mtoto amelala," na redio tunaambiwa tuipunguze sauti. Halafu siku ya muziki tunataka maneno yale yale yawe na maana nyingine, bila kumweleza mtoto. Gitaa nalo linamvuruga zaidi: uzi ulio mnene, wenye sauti ya chini kuliko nyuzi zote, umekaa juu, upande wa kidevu cha mpigaji.

Kwa watoto walio chini ya miaka sita mimi niliacha "juu" na "chini." Nasema nyembamba na nene. Nguvu ya sauti naiita kubwa na ndogo. Kisha nawapa watoto kazi ya kutafuta vitu kwa masikio. Nani ana sauti nyembamba na kubwa? Filimbi ya trafiki. Nyembamba na ndogo? Mbu. Nene na kubwa? Fuso likipanda mlima. Nene na ndogo ndiyo ngumu, na hapo ndipo watoto hufurahi: paka anapokoroma mapajani, babu anapoguna kwenye kiti. Mtoto akishapata vitu hivyo vinne, ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi wanaoimba kwaya hawajawahi kutenganishiwa.

Akikuuliza kwa nini, mwambie ukweli: sauti ni mtetemo, na kitu kikitetemeka haraka zaidi, sauti yake huwa nyembamba zaidi. Nyosha mpira wa kufungia pesa, upige kwa kidole, halafu uukaze na uupige tena. Atasikia mwenyewe.

Mchezo wa jioni ni huu: afumbe macho, wewe uvumishe sauti moja. Ikiwa nyembamba anasimama kwa ncha za vidole, ikiwa nene anachuchumaa. Wiki mbili tatu za hivyo, ndipo unamwambia kwamba wanamuziki sauti nyembamba huiita ya juu. Hapo mwili wake utakuwa umeshajua.

Mahadhi ni nini, kwa lugha ya mtoto wa miaka mitano? (Mwalimu wa chekechea, Kiboriloni)

Una bahati ya mahali unapofundishia. Asubuhi mapema, kabla mawingu hayajafunga, toa watoto nje waangalie mlima. Kushoto Kibo, kulia Mawenzi. Kila mtoto anyooshe kidole na kuchora mstari wa mlima hewani kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, huku wote mkivumisha "mmm." Kidole kikipanda, sauti inakuwa nyembamba. Kwenye kilele cha Kibo, palipo kama bakuli lililofunikwa, sauti inakaa palepale. Inateremka kwenye tandiko lililo katikati, na ikifika Mawenzi inarukaruka, maana huko miamba imevunjikavunjika. Kibo ni mita 5,895 na Mawenzi ni mita 5,149, kwa hiyo sauti ya Mawenzi isiifikie ya Kibo. Ukikosea, watoto watakukosoa.

Hayo ndiyo mahadhi: njia ambayo sauti inapita. Kwa umri huo mienendo mitatu inatosha: kwenda hatua kwa hatua, kuruka, na kusimama palepale. Baadaye chukueni wimbo wanaoujua na mchore njia yake hewani namna hiyo hiyo.

Siku moja mlima ulikuwa umekatwa na wingu katikati. Mtoto mmoja darasani kwangu alivumisha mpaka kwenye wingu, akanyamaza, kidole kikiendelea kutembea, kisha akaendelea kuvumisha upande wa pili. Sikuwa nimewafundisha kwamba kimya nacho ni sehemu ya wimbo. Tangu siku ile nalifundisha kwa wingu.

Nina watoto 30 kwenye kwaya ya shule ya Jumapili. Kama saba hivi hawashiki tuni, wanaimba kama wanaongea. Mavuno yanakaribia. Niwaambie wachezeshe midomo tu bila kutoa sauti? (Mwalimu, Kibosho; ni mwanamume)

Hapana, ndugu yangu. Nakuomba sana. Mimi niliambiwa maneno hayo nikiwa na miaka saba na nikachezesha midomo kwa miaka minne. Watoto wengi wakiambiwa hivyo hawafungui tena kinywa maisha yao yote, na huwa wanaamini walizaliwa bila sikio. Watu ambao kweli masikio yao hayawezi kutenganisha sauti wapo, lakini ni nadra. Saba katika kwaya moja? Angalia mambo mengine kwanza.

Anza na sauti yako. Mwanamume akiimba, kwa kawaida sauti yake iko oktava nzima (kutoka do moja mpaka do inayofuata) chini ya ile ya mtoto. Noti ya la ya mtoto inatetemeka mara 440 kwa sekunde, yako mara 220. Sisi watu wazima tunaisikia kama noti ile ile. Mtoto mdogo anaisikia nene, anaifuata huko chini, anakuta koo lake halifiki, na anaangukia kwenye sauti ya kuongea. Toa mfano kwa sauti nyembamba ya kichwani hata kama unaona aibu, au muombe mama mmoja au binti mkubwa awapigie do.

La pili, mnaanzia chini mno. Ni kama Wimbo wa Taifa mstarini: anayeanzisha akianza chini, shule nzima inaguguma. Watoto wa miaka minne mpaka sita wengi wako huru katika eneo dogo tu, kuanzia re iliyo juu ya do ya kati ya kinanda mpaka noti ya la inayofuata. Noti tano. Tafuta nyimbo zinazokaa humo, au hamisha ufunguo, yaani wimbo ule ule uuanzishe juu au chini zaidi. Na wasiimbe kwa kupayuka. Mtoto anayepayuka hawezi kupanda kwenda kwenye sauti ya kichwani.

La tatu ni umri. Mtoto hushika maneno kwanza, kisha mdundo, kisha umbo la jumla la mahadhi, na noti zenyewe mwishoni. Wengi hutulia wakifika miaka saba au minane. Hao saba wako wana miaka mingapi?

Halafu fanya jambo hili ambalo lilinisaidia kuliko yote. Mwite mtoto mmoja, mwambie atoe sauti yoyote aipendayo na aishikilie. Wewe ndiye umfuate, mpaka sauti zenu ziwe moja. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kutoka ndani sauti mbili zikikutana. Uso wake utabadilika. Kisha sogea hatua moja, taratibu, mwone kama atakuja. Dakika mbili kwa mtoto, kila Jumapili. Kwenye mstari mpange katikati ya wawili wanaoshika tuni, wala usimweke nyuma.

Do re mi aanze lini? (Baba, Usa River)

Majina yaje baada ya sikio. Kwa wengi, miaka sita si kuchelewa.

Na usianze na ngazi nzima, yaani do mpaka ti. Wasikilize watoto wakiitana uwanjani, au mtoto akimwita mama yake kutoka getini: "Ma-maaa!" Sauti mbili, ya kwanza nyembamba, ya pili imeshuka kidogo. Hiyo ni so na mi. Mtunzi wa Hungaria Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, aliitilia mkazo kama mlango wa mtoto kwenye muziki, na mbinu zinazofuata mawazo yake huanza na so na mi, kisha huongeza la, ndipo do na re. Ishara za mikono zinazotumika huko, ngumi kwa do na kadhalika, zimetokana na za John Curwen wa Uingereza, ambaye naye alijengea juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Glover ndiye anayesifiwa kwa kubadilisha noti ya "si" kuwa "ti", ili kila noti iwe na herufi yake ya kwanza. Ndiyo maana leo wanakwaya wetu wanasoma d, r, m, f, s, l, t kwenye karatasi bila kugongana. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini ambaye mahadhi yake ya mwaka 1897 ndiyo ya Wimbo wetu wa Taifa, naye aliandika kwa sol-fa, yaani kwa herufi hizo hizo.

Sina hela ya kinanda. (Mama, Njoro)

Kinanda hakihitajiki. Tafuta chupa tano za soda za kioo zinazofanana, mimina maji viwango tofauti, gonga kwa penseli. Chupa yenye maji mengi itatoa sauti nene. Sasa puliza mdomoni mwa chupa hizo hizo: yenye maji mengi inatoa sauti nyembamba! Ukigonga, kinachotetemeka ni kioo na maji, na maji yanakilemea. Ukipuliza, kinachotetemeka ni hewa iliyobaki ndani, nayo imekuwa fupi. Mwache mwanao agundue mwenyewe na akushangae. Ukiongeza na kupunguza maji kidogo kidogo utapata do, re, mi, so na la.

Nawezaje kuwafundisha watoto umbo la wimbo? Nikisema ubeti na kiitikio wananitazama tu. (Mwalimu wa awali, Himo)

Umbo wanalo tayari, hawajui tu kwamba ni la muziki. Sema "Kitendawili!" uone kama yupo asiyejibu "Tega!" Sema "Hadithi hadithi!" na darasa zima litakujibu "Hadithi njoo!" Mmoja anaita, wengi wanaitikia, nyimbo zetu nyingi za ngoma na za kazi zimesimama juu ya hilo. Anza hapo. Tunga wito mfupi wa sauti mbili, watoto waitikie vilevile kila mara hata ukibadilisha wito. Wakishazoea, mtoto mmoja awe mwitaji. Utaona aliye mkimya kuliko wote anataka zamu.

Kisha leta jiwe na jani. Imba kipande kifupi, weka jiwe chini. Imba kipande tofauti, weka jani. Rudia cha kwanza: waulize, jiwe au jani? Wakisema jiwe, wamesikia umbo. Jiwe, jani, jiwe: umetoka nyumbani, umekwenda gengeni, umerudi nyumbani. Ongeza gunzi la mahindi na utapata jiwe, jani, jiwe, gunzi, jiwe. Baada ya siku chache wageuze: wao wapange vitu, wewe uimbe walichokipanga. Hapo hutanyamaza mpaka kengele ilie.

Wimbo wa Taifa unafaa sana kwa somo hili kwa kuwa wanauimba mara kwa mara. Ubeti wa kwanza unaitaja Afrika, wa pili Tanzania, mahadhi ni yale yale, na kila ubeti unafuatwa na sehemu ya "ibariki." Waulize kipi kimebadilika na kipi kimebaki. Kwa ubeti na kiitikio huhitaji maelezo marefu kuliko hayo.

Kingine ambacho usikiruke ni mwisho. Imba ngazi polepole, do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha nyamaza. Subiri. Kuna mtoto atashindwa kuvumilia na atakumalizia do. Sisi tunaiita sauti inayoning'inia na sauti iliyofika nyumbani. Wakishajua hilo, wataanza kutunga: mmoja anaimba kipande kinachoning'inia, mwenzake anakipeleka nyumbani.

Wajukuu wangu wamekuja likizo kutoka Dar. Nikiwaimbia za kubembeleza za Kichagga, mama yao anasema nawachanganya, hawaelewi neno hata moja. Niache? (Bibi, Marangu)

Shikamoo bibi. Usiache.

Katika Kichagga chako sauti ikipanda au ikishuka inaweza kubadilisha maana ya neno. Kimasai nacho kiko hivyo. Kiswahili hakina jambo hilo: "mama" ni mama tu, hata ukiliimba unavyotaka. Kwa hiyo mtoto anayekusikia ukiongea na jirani, ukiimba, ukimwita mbuzi, sikio lake linafanya kazi ambayo mimi natumia chupa na milima kuifundisha. Maneno asipoyaelewa si hasara. Mtoto mchanga haelewi bembelezo la lugha yoyote, na analala.

Nina maombi mawili. Imba ule ule kila usiku kwa namna ile ile, maana mtoto hujifunza kwa kurudiwa. Na ukifika usiku wa nne au wa tano, nyamaza kabla ya neno la mwisho, usubiri gizani. Watalisema. Huenda matamshi yatakuwa ya Dar, lakini sikiliza sauti yenyewe ilipotua.

Na mama yao akipita mlangoni, bibi, endelea kuimba. Wimbo huo huenda naye aliwahi kuimbiwa.