Ng'ombe wa udongo kukatika miguu: shida ni udongo na kubandika, watoto hawana kosa

Mleta mada ana watoto 64 wa darasa la pili, hana bajeti, amefinyanga nao ng'ombe Jumatatu na kufikia Ijumaa karibu wote wamekatika miguu. Anauliza kama arudi kwenye kuchora tu.

Usirudi, mwalimu. Anza kwa kuukagua udongo wenyewe. Tope la uwanjani halifai. Udongo wa mfinyanzi uko chini ya lile tabaka la juu lenye mizizi, mabondeni na kwenye kingo za mito. Achimbe mtu mzima, usiwatume watoto, maana mito mingi ina kichocho. Na kaeni mbali na vyoo na dampo. Ukiwa karibu na wafinyanzi, kama kule Matema kando ya Ziwa Nyasa, nunua kwao ulio tayari uokoe wiki nzima.

Kipimo chake ni rahisi: lowanisha kidogo, sokota kamba nene kama penseli, izungushe kwenye kidole. Ikikatikakatika, mchanga umezidi, tafuta pengine. Ikizunguka vizuri lakini inanata kama ulimbo, udongo ni laini mno. Utasinyaa sana ukikauka, na kusinyaa ndiko kunakopasua. Hapo changanya mchanga mwembamba uliochekechwa, kopo 1 kwa makopo 5 ya udongo.

Loweka kwenye ndoo siku 2 au 3, koroga, chuja kwa kipande cha chandarua kikuukuu. Usiruke hatua hii: kwenye udongo wa mtoni vipande vya chupa havikosekani. Uache utuame, mwaga maji ya juu, tandaza kwenye gunia kivulini hadi uache kunata mkononi, kisha ukande kama unga wa chapati mpaka ukikata donge kwa uzi usione vitundu vya hewa. Kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya kitambaa kibichi, unakaa wiki kadhaa bila shida.

Donge la ukubwa wa chungwa, gramu 300 hivi, linamtosha mtoto mmoja. Kwa watoto 64 ni kilo 19 na ushee, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ndoo ya lita 20. Kata madonge yote kabla kengele haijalia. Ukianza kugawa mbele yao kipindi kimekwisha.

Maji ndiyo adui mkubwa. Ukiweka beseni mezani, kila mtoto akiona ufa atachovya mkono, na baada ya dakika 10 una uji. Weka kitambaa kimoja kilicholowa kwa kila dawati, basi.

Sasa miguu. Imekatika kwa sababu ilisokotwa pembeni kisha ikabandikwa juu ya tumbo. Mfundishe mtoto avute miguu kutoka kwenye donge lile lile: atengeneze umbo la kiazi kitamu, aliminye katikati kwa chini, apasue kila ncha mara moja kwa kijiti, zipatikane nguzo 4 fupi nene kama kidole gumba. Kichwa nacho kinavutwa, hakibandikwi. Kwa wadogo kabisa, ng'ombe aliyelala ni ng'ombe pia, na havunjiki.

Pembe na masikio yatabidi yabandikwe. Kwaruza pande zote mbili kwa kijiti, paka uji mzito wa udongo ule ule, bonyeza huku unazungusha kidogo, kisha lainisha mshono. Vipande vyote viwe na ubichi sawa. Pembe mbichi juu ya kichwa kilichoanza kukauka itasinyaa kuliko kichwa na kujibandua yenyewe, hata ungekwaruza vipi.

Kukausha ni kivulini, juu ya magazeti, siku 7 au zaidi, masika ongeza. Siku ya kwanza funika kwa kitambaa, kisha geuza kila asubuhi. Dirishani penye jua upande mmoja hutangulia kukauka, huvuta mwingine, na ufa unatokea usiku mnadhani mambo shwari.

Kuchoma sishauri shuleni. Ukiacha hatari ya moto wenyewe, tumbo nene lenye unyevu ndani hupasuka kwa mvuke na vigae huruka. Paka rangi ya maji, inatosha. Kilichovunjika kabla ya rangi kirudi ndoo ya kulowekea.

Atakayekuambia huku ni kupoteza muda wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), mjibu kwa vitendo: kipindi kinachofuata watoto wasokote kamba za udongo waunde herufi b na d. Anayezichanganya kwenye daftari atalazimika kuamua tumbo liwe upande gani wa mti, na akikosea anahamisha kamba, hafuti.

Mikono ioshwe kwenye ndoo, kamwe si bombani, tope litaziba bomba la maji machafu. Kesho yake maji yaliyotulia mwagia bustani, tope la chini lirudishe kwenye udongo wako.