Ukipata muhula Hamburg, nenda makaburini

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba Jumamosi yangu yote imeishia makaburini, alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Umefiwa na nani huko, mwanangu?" Nikamjibu sijafiwa, nilikwenda kutembea tu. "Kutembea? Makaburini?" Siku hiyo aliniaga kwa dua ndefu kuliko kawaida.

Simlaumu. Sisi tuliokulia Dar, makaburi ya Kinondoni unaingia umesindikiza maiti, au umekwenda kufyeka majani kwenye kaburi la babu. Ukimaliza, unatoka. Huendi na chupa ya chai ukatafuta benchi.

Kwenye makaburi ya Ohlsdorf, huku Hamburg, watu wanakwenda na chai. Yale ni makaburi ya mwaka 1877, yana ukubwa wa karibu hekta 390, na wamezikwa humo watu zaidi ya milioni 1.4. Mkurugenzi wake wa kwanza, Wilhelm Cordes, aliyapanga kama bustani, yenye vidimbwi, miti mikubwa na njia za kupindapinda. Mabasi mawili, namba 170 na 270, yanapita humo humo ndani na kusimama vituoni. Mara ya kwanza nilipoona watu wamesimama kituoni wanasubiri basi katikati ya makaburi, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kwa mwanafunzi aliyekuja kwa muhula mmoja au miwili, mahali hapa pana sifa ambayo ni vigumu kuipata Hamburg: hulipi kiingilio. Wenzangu walikuwa wanakimbizana na tiketi za bei rahisi, wikiendi hii Prague, ijayo Amsterdam. Mimi posho yangu ilikuwa inakatika tarehe 20.

Ila usiende na kamera tu. Nenda na jina. Ukienda bila jina utaona mawe, na mawe yanachosha baada ya nusu saa. Jina langu mimi lilikuwa Salme.

Sayyida Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa huko huko, wakaoana, akaitwa Emily, wakaja Hamburg. Miaka mitatu baadaye mume akagongwa na tramu ya farasi akafa. Mwanamke hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu wadogo, na baridi ile. Mimi nilikuwa na koti la kuazima na bado nililia wiki ya pili.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwenye lango kuu, dakika chache kutoka stesheni ya Ohlsdorf, kuna jumba la maelezo. Unauliza, unapewa ramani iliyogawanywa kwa miraba, unaoneshwa mraba wa mtu wako. Mimi nikajifanya mjuaji, nikaingia na simu. Ilikuwa Novemba. Saa kumi na nusu giza limeshuka, chaji imekwisha, na kila njia inafanana na nyenzake. Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anawasha taa nyekundu ya kaburi la mumewe. Alinisindikiza hadi kituo cha basi, na njiani akanipa somo ambalo sikulipata darasani: kaburi pale ni la kupanga. Hamburg muda wake ni miaka 25. Ukiisha na hakuna wa kulipia nyongeza, jiwe linaondolewa. Kama chumba cha Sinza, nikawaza, kodi ikiisha unatolewa vyombo nje. Bibi alikuwa anahesabu miaka iliyobaki kwa vidole.

Mara ya pili niliuliza, nikalipata kaburi la Salme. Yumo katika kaburi la ukoo wa Ruete, ukoo wa mumewe. Alifariki katika mji wa Jena, Ujerumani, Februari 1924, akiwa na miaka 79, na inasimuliwa kwamba kifuko cha mchanga wa Zanzibar alichokitunza miaka yote kilizikwa naye. Nilisimama nimekunja mikono, sijui nisome nini. Fatiha? Alikufa Mkristo. Mwishowe nikamsalimia tu kwa Kiswahili, shikamoo bibi, nikijua fika kwamba wengi wanaopita pale hawana lugha hiyo.

Usimfanye malaika, lakini. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 aliutetea utumwa. Mwaka 2019 Hamburg iliupa uwanja mmoja jina lake, halafu baraza la wilaya likaamua kulifuta kwa sababu ya maandishi hayo. Naona walifanya sawa. Babu zangu wa upande wa mama hawakuingia Unguja kwa hiari yao. Na bado nilirudi kaburini kwake mara nne.

Ukiwa ndani, tenga muda kwa waliouawa na mabomu yaliyoangushwa Hamburg mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wamelazwa zaidi ya 36,000 katika kaburi la pamoja lenye umbo la msalaba, na maua yamepandwa juu. Usiende huko na marafiki wanaopiga soga.

Adabu nyingine unazijua. Ukikuta mazishi, badili njia, na simu ibaki mfukoni. Makopo ya kumwagilia yaliyofungwa kwa kufuli ni mali ya watu. Vaa viatu visivyopitisha maji, na ukiweza subiri mwisho wa Mei, vichaka vya rododendroni vinapochanua. Mimi nilipiga picha za maua nyingi kuliko za shahada yangu.

Picha moja nilimtumia mama. Hakusema lolote kuhusu maua. Alitaka kujua kama kaburi la yule binti wa Sultani linafyekwa, na nani analilipia.