Ejensi, brifu na lebo ya mawese: majibu kwa wanafunzi wa dizaini

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wanafunzi wa dizaini waliorudi likizo huku Kigoma, wengine wapo Ujiji, wengine Mwanga, mmoja yupo Kasulu, na karibu wote wanaulizia hizi ejensi za ubunifu za Dar ambazo chuoni wanaambiwa ndo pa kwenda. Nimeyafupisha na salamu nimezitoa, marahaba wote.

Kaka, ejensi inafanya nini ambacho mimi na laptop yangu siwezi?

Kuchora unaweza, tena pengine unachora kuliko mtu wao. Tofauti ipo kwenye yanayotokea kabla ya kuchora. Ndani ya ejensi kuna mtu wa akaunti, huyu kazi yake ni klayenti, yaani mteja, anapokea simu, anabembeleza, anagombezwa kwa niaba yenu. Kuna wa strateji, yeye anakaa kuuliza hii sabuni anainunua nani na kwa nini anaiacha ile nyingine. Kuna kopiraita wa maneno, art dairekta wa muonekano, dizaina anayejenga kitu chenyewe, watu wa midia wanaonunua muda redioni na nafasi za mabango, na juu ya wabunifu wote krietivu dairekta ambaye mi naona kazi yake kubwa ni kusema hapana. Kwenye ejensi ndogo mtu mmoja anashika vyeo vitatu, usishangae.

Zamani huko Marekani kopiraita alikuwa anaandika maneno yake, anayapeleka chumba cha pili kwa mchoraji, mchoraji anapanga tu, kazi imeisha. Bill Bernbach, aliyeanzisha ejensi ya matangazo ya DDB New York mwaka 1949 na wenzake wawili, akawakalisha pamoja wa maneno na wa picha wafikirie kitu kimoja. Nendeni mkalitafute tangazo lao la Volkswagen la 1959, picha kasimamia Helmut Krone, maneno Julian Koenig. Kigari kimoja kidogo kimewekwa juu pembeni, sehemu kubwa ya ukurasa ni nyeupe tupu, halafu kichwa cha habari maneno mawili tu, kinamwambia Mmarekani awaze udogo, na huyo ni mtu aliyezoea magari makubwa ya kujaza barabara. Toa maneno, ile picha utadhani mpiga chapa kakosea. Toa picha, maneno yanabaki hayana kazi. Sasa kitu cha namna hiyo mtu mmoja na laptop anapata shida kukitoa, sio kwa sababu ya laptop, ni kwamba hamna wa kukubishia.

Ila msidhani wote wanafanya hivyohivyo. Pentagram, ejensi ya dizaini iliyofunguliwa London mwaka 1972, wao dizaina ambaye ni mshirika anaongea na klayenti mwenyewe, hamna mtu wa akaunti katikati. Kama unajijua unapenda kuongea na watu, huo mfumo utakufaa zaidi.

Mwalimu kila siku "someni brifu, someni brifu", mi naona ni karatasi ya maelezo tu.

Tuchukue kitu cha hapahapa. Mama mmoja anauza mawese, anakuja kwako anasema nataka lebo nzuri, iwe na mchikichi na rangi nyekundu. Hayo ni maagizo, brifu, yaani maelezo ya tatizo unalotakiwa kulitatua, bado hujapata. Muulize anamuuzia nani. Utakuta hapa Kigoma watu wanamjia na chupa zao wenyewe anawapimia, lebo hawaihitaji hata kidogo, kumbe anachotaka ni kutuma Dar kwa watu wa Kigoma wanaoishi kule waliochoka kuuziwa mawese yaliyochakachuliwa. Hapo kazi imegeuka yote. Lebo sasa inatakiwa imhakikishie mtu wa Mbagala kwamba haya yametoka kwetu kweli, na picha ya mchikichi haimsaidii chochote maana hata mchakachuaji anaweza kuiweka.

Halafu uishike chupa yenyewe mkononi. Mawese yanachuruzika kidogo pale kwenye mfuniko, yanashuka, lebo ya karatasi inayanyonya, baada ya siku chache imelowa mpaka unaona upande wa pili, na yale maandishi ya rangi ya chungwa uliyoyapenda kwenye skrini yamepotea kabisa kwa sababu nyuma yake kuna mafuta ya rangi ileile. Yakipata ubaridi nayo yanaganda, rangi inapauka, chupa ya asubuhi na ya mchana utafikiri bidhaa mbili. Kwa hiyo ni stika ya plastiki, iwe na mandhari yake nyeupe isiyoonyesha ndani, maandishi meusi au kijani iliyokolea, ibandikwe chini mbali na mfuniko. Yote hayo umeyajua na Illustrator, ile programu ya kuchorea, hujaifungua.

Brifu nzuri ya ejensi mara nyingi haizidi ukurasa mmoja. Tatizo ni nini, tunaongea na nani, kitu kimoja tunachotaka aamini, kwa nini aamini, inatakiwa lini, hela ipo kiasi gani. Nimesema kitu kimoja. Klayenti atataka vitano, na hapo ndo mtu wa strateji anapostahili mshahara wake.

Kutumia Canva ni aibu?

Hapana, ni programu ya kudizaini yenye violezo tayari. Tatizo ni kumuuzia mtu logo iliyotoka kwenye kiolezo ambacho na duka la jirani wanacho, kesho anataka kwenda BRELA, wale wa serikali wanaosajili biashara, kusajili alama ya biashara yake, anaanza kukutafuta. Posta ya kikao cha mtaa tumia Canva, lala mapema.

Mjomba anasema logo elfu kumi inatosha, maana hata Nike walilipa dola 35.

Mjomba kasoma nusu ya kwanza akafunga. Ni kweli Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi wa dizaini Portland State, Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike, alikuwa anafundisha uhasibu palepale, akawa anampa vikazi kwa dola 2 kwa saa, mwaka 1971 akamchorea ile alama akadai dola 35. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 1983 kampuni ikamwita ikampa pete na hisa. Mwambie mjomba elfu kumi naipokea, hisa za duka je?

Ukiacha utani, ejensi hazipangi bei ya mchoro. Zamani zilikuwa zinaishi kwa kamisheni, asilimia 15 ya hela ya klayenti iliyokwenda kwenye magazeti na redio, ndo maana michoro ilikuwa inatolewa kama bure. Sa hivi wengi wanatoza kwa mradi, kwa saa za watu waliofanya kazi, au riteina, yaani klayenti analipa kila mwezi kwa kazi mlizokubaliana. We mwanafunzi hesabu saa zako, weka idadi ya marekebisho kwenye makubaliano, mbili zinatosha, na chukua nusu kabla hujaanza. Hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu.

Sina klayenti, potifolio (mkusanyiko wa kazi zangu) nitaweka nini?

Naombeni muache kumtengenezea Coca-Cola logo mpya, hajawatuma. Anayepokea wanafunzi wa fildi kaziona za namna hiyo nyingi na hazimwambii chochote kuhusu kichwa chako. Weka kazi nne au tano tu, na kila moja uanze na tatizo. Pakiti ya dagaa inayosafirishwa kwa basi na inatakiwa isisambaze harufu na bado mtu aone dagaa wenyewe ndani. Ratiba ya boti pale Kibirizi ambayo abiria mwenye mzigo kichwani aisome bila kusimama. Weka na michoro ya penseli uliyoitupa, sema kwa nini uliitupa. Mi nikipewa kazi za mtu naanza na hizo za kutupwa.

Na kama una kadi za harusi arobaini weka moja, ile ambayo bibi harusi alikusumbua kuliko wote, ueleze mlivyofikia muafaka.

Pichi ni nini, na kwa nini ejensi wanakubali kufanya kazi bila malipo?

Klayenti mkubwa anaita ejensi kadhaa, anawapa brifu ileile, kila mmoja anakuja na kampeni yake, anachagua mmoja. Wengine wanarudi na usiku wao waliokesha. Wanakubali kwa sababu ukishinda unaweza kupata kazi ya miaka. Mi siupendi huo utaratibu na we ambaye huna mshahara usiuingie kabisa, onyesha kazi zako za nyuma, inatosha. Ukumbuke pia Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi iliyokwisha kuchorwa au kuandikwa, wazo tupu uliloliongea kwenye kikao hailindi, sasa ukishalimwaga mezani bila makubaliano limekwenda.

Kwa nini rangi ya kwenye skrini ikifika kwenye flexi, lile turubai la mabango, inakuwa nyingine?

Skrini inatoa mwanga, printa inamwaga wino, na zipo rangi za mwanga ambazo wino hauziwezi, ile kijani ya kuwaka ndo ya kwanza kufa. Panga faili kwenye CMYK, yaani mfumo wa rangi nne za wino wa printa, tangu mwanzo na omba kipande kidogo cha majaribio kabla hawajachapa mita nne.

Lazima niende Dar?

Kwa fildi, ningekushauri uende, ejensi kubwa zipo kule na utajifunza vitu ambavyo havifundishwi, mfano jinsi ya kukaa kimya wakati kazi yako inakosolewa mbele ya watu. Kuishi kule moja kwa moja ni habari nyingine, wapo wanaofanya kazi za Dar wakiwa mikoani, intaneti tu isizingue. Ukituma maombi tafuta jina la krietivu dairekta umwandikie yeye, mistari sita inatosha, potifolio iwe PDF nyepesi inayofunguka kwenye simu. Na barua ya chuo ya kuombea fildi ifuatilie kabla ya likizo, unazijua ofisi zenu.