Deraya ya sponji inang'aa kama sufuria mpya

Ndugu, umeuliza kwa nini deraya yako ya kuigizia, yaani vazi la kivita la sponji, inang'aa badala ya kufanana na chuma kilichotumika. Ni kwa sababu umepuliza rangi ya fedha peke yake, bila nyeusi chini wala uchakavu juu. Anza kwa kuipaka sponji gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu, kila tabaka likauke kwanza. Puliza rangi nyeusi, kisha ya fedha kutoka sentimita 25 hivi, mkono usitue mahali pamoja.

Kuifanya ionekane chakavu ndio utamu wenyewe: zimua rangi ya akriliki (rangi ya maji) nyeusi na kahawia iwe kama maji ya kufulia, paka, futa upesi kwa kitambaa. Uchafu utabaki kwenye mifereji na kando ya misumari. Kingo ziguse kwa brashi karibu kavu yenye fedha, pale tu panapogongwa gongwa.

Ile sponji nyeupe ya kufungashia televisheni usiipulizie bila gundi, itayeyuka. Yangu iliisha bega zima.