Bosi anasema "choma tu", nesi hajaja

SWALI: Habari dada. Nipo Kent, jimbo la Washington, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nesi wetu RN (nesi aliyesajiliwa) alinifundisha kumchoma insulini mzee mmoja nikasaini fomu. Sasa kaletwa bibi mwingine, naye ana sukari, na mwenye nyumba ananiambia si unajua kuchoma, choma tu, nesi atakuja akipata nafasi. Nikikataa atanifukuza?

JIBU: Pole mdogo wangu, najua kodi na ada za watoto nyumbani hazingoji. Lakini huyo bibi usimchome.

Ruhusa uliyopewa ni ya yule mzee peke yake, haihami kwenda kwa mtu mwingine hata kama insulini ni ileile na mkono ni uleule. Kwa sheria ya Washington anayekukabidhi kazi hiyo ni nesi RN, sio mwenye nyumba, na lazima kwanza aje amwone bibi mwenyewe, ahakikishe hali yake imetulia na inatabirika, akuelekeze dozi yake na dalili za sukari kushuka, akuangalie ukifanya, bibi au mwakilishi wake wa kisheria akubali, na wewe ukubali. Ile kozi ya masaa 9 ya wasaidizi wanaokabidhiwa kazi za nesi, na ile ya sukari juu yake, zinakufanya ufae kukabidhiwa tu, hazikupi ruhusa yenyewe. Akishakukabidhi pia hakuachi hivyo hivyo, anatakiwa arudi kukukagua, kwa kawaida isizidi siku 90.

Kuhusu kufukuzwa: sheria inasema wazi msaidizi akikataa kazi ya nesi kwa sababu ya usalama wa mgonjwa mwajiri haruhusiwi kumwadhibu, na hili wenzetu wengi hawalijui, wanachoma huku wanatetemeka kisa bosi kakasirika!

Mpigie nesi sasa hivi, mwambie kuna mgonjwa mpya wa insulini na hajakabidhiwa mtu, halafu mtumie mwenye nyumba meseji hiyohiyo ili ibaki kwenye maandishi, maana kumtafutia bibi nesi ni jukumu lake. Bibi akianza kutetemeka, kutoka jasho au kuchanganyikiwa piga 911 usisubiri mtu. Na bosi akiendelea kukulazimisha, wanaosimamia hizo nyumba ni DSHS, idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya, wanapokea malalamiko, wapigie.